Mfuko mmoja wa simiti, madaftari matano

Kuna swali dogo linaloweza kugombanisha watu wazima saa kumi na moja jioni: tuna mifuko mingapi ya simiti?

Nilikuwa karani katika duka moja la vifaa vya ujenzi Industrial Area, Nairobi, miaka mingi kabla sijaingia kazi hii ya kuwawekea watu mifumo ya taarifa za biashara. Siku hiyo swali liliulizwa mara moja likajibiwa mara tatu. Kijana wa mauzo alisema 212. Mtu wa stoo, ambaye kadi yake ilitobolewa kona na kutundikwa msumarini, alisema 190. Mhasibu akafungua kompyuta akasema 203. Mzee mwenye duka akawatazama wote, akavua miwani, akasema, "Haya, twendeni tukahesabu."

Tukapata 186. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyedanganya. Mifuko minne iliraruka asubuhi lori likipakuliwa, mtu wa stoo akaiweka kando bila kuipunguza kwenye kadi. Mifuko 13 ilikuwa imeondoka na fundi mmoja kwa deni, akatia sahihi karatasi ya mzigo tu, na ankara ikawa inasubiri mhasibu arudi kutoka benki. Mifuko tisa iliuzwa na keshia wakati kijana wa mauzo amekwenda kula chakula cha mchana, na daftari alikuwa amelitia mfukoni. Jumlisha 186, 4, 13 na 9 utapata ile 212 yake. Kila mmoja alikuwa amesema kweli ya pale alipokuwa amesimama.

Ongeza daftari la mishahara lililokaa kwenye droo ya mke wa mzee, na kijitabu cha mzee mwenyewe alichoandikia watu anaowadai kwa kalamu nyekundu, unapata madaftari matano katika biashara ya watu kumi na wanane.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wakisikia "mfumo wa taarifa" huona kompyuta, na wauzaji wa programu hawana haraka ya kuwasahihisha. Ile kadi yenye tobo ni mfumo wa taarifa. Daftari la madeni la mama mboga ni mfumo wa taarifa, na mara nyingi ni mzuri kuliko wa kampuni nyingi, kwa kuwa anayeuza, anayeandika na anayedai ni mtu mmoja. Mfumo ni mpango mzima wa nani anaandika, anaandika lini, anaandika wapi, na nani mwingine anaruhusiwa kusoma. Duka letu lilikuwa na mifumo inayofanya kazi. Tatizo lilikuwa lile neno "mifumo", kwa wingi.

Njia nyepesi ya kuona jinsi mfumo mmoja unavyohudumia idara zote ni kulifuata agizo moja toka mwanzo. Tuseme fundi anayejenga mtaa wa Utawala anapiga simu saa mbili asubuhi. Anataka mifuko 40, apelekewe saiti. Bei ni shilingi 812 kwa mfuko pamoja na VAT ya asilimia 16, yaani 700 ya duka na 112 ya serikali. Jumla ni 32,480.

Kwa mtu wa mauzo, simu hiyo ni mteja, bei na ahadi. Kabla hajasema "sawa, fundi," anahitaji kujua mambo mawili. La kwanza ni kama mzigo upo, na hapa wengi hujikwaa, kwa sababu iliyopo stoo si sawa na inayoweza kuuzwa. Ukiwa na mifuko 186 sakafuni na 150 imeshaahidiwa wengine, una 36. Mfumo mzuri hutenga hesabu tatu: iliyopo, iliyoahidiwa, na iliyo njiani kutoka kiwandani. La pili ni kama fundi huyu bado anadaiwa. Jibu la hilo liko idara ya hesabu, lakini anayelihitaji ni aliyeshika simu. Ikiwa deni la fundi limepita kiwango mlichokubaliana, skrini inapaswa kumzuia muuzaji pale pale, kabla lori halijapakiwa. Baada ya lori kuondoka, taarifa hiyo ni ya kusikitikia tu.

Kwa mtu wa stoo, agizo lile lile ni jasho: mifuko 40, tani mbili, gari gani, mpakiaji nani. Mzigo ukitoka lango, hesabu inashuka kwa 40. Ikishuka hadi kiwango fulani, mfumo unamwambia mtu wa manunuzi aagize. Kiwango hicho kina hesabu yake. Kama duka linauza mifuko 50 kwa siku na msambazaji huchukua siku tatu kuleta, utauza 150 ukisubiri. Ongeza akiba ya siku mbili kwa ajili ya mvua, foleni ya Mombasa Road na mengine ya Nairobi, yaani 100. Ukifika 250, agiza. Mwenye duka mzoefu huifanya hesabu hii kichwani kwa simiti, misumari na mabati. Shida inaanza akiwa na bidhaa elfu mbili, kuanzia koki za maji hadi rangi za kopo, kwa sababu kichwa chake hukumbuka zinazouzwa sana na kusahau zile zinazokusanya vumbi huku zikiwa zimefungia pesa.

Idara ya hesabu inasoma tukio hilo hilo kwa lugha nyingine. Wahasibu wana desturi ya kuandika kila jambo pande mbili, desturi iliyochapishwa kitabuni na Luca Pacioli kule Venice mwaka 1494 na ambayo hakuna kompyuta iliyoibadilisha. Fundi sasa anadaiwa 32,480. Upande wa pili, mauzo ni 28,000 na deni la duka kwa KRA, mamlaka ya kodi, ni 4,480. Kisha kuna jozi ya pili ambayo madaftari ya duka letu hayakuwahi kuiandika siku ile ile: simiti imepungua stoo kwa thamani yake ya kununulia, na thamani hiyo imegeuka gharama ya mauzo.

Thamani gani? Tuseme mifuko 100 ilinunuliwa kwa 630 na mingine 100, bei ilipopanda, kwa 650. Imerundikwa pamoja. Huwezi kumuuliza mfuko ulikuja na lori gani. Mfumo unachukua wastani, 640, au unachukulia kwamba iliyotangulia kuingia ndiyo iliyotangulia kutoka. Njia zote mbili zinakubalika kwenye viwango vya uhasibu vya kimataifa. Ya kujidai kwamba iliyoingia mwisho ndiyo iliyotoka kwanza haikubaliki. Tukichukua 640, mifuko 40 iligharimu 25,600, na faida ni 2,400.

Sasa lete karatasi ya dereva. Gari hadi Utawala na kurudi, pamoja na wapakiaji, ni 2,000. Kijana wa mauzo alishangilia 32,480, na mzee alibaki na 400. Hakuna daftari hata moja kati ya yale matano lililoweza kumwonyesha hiyo 400, kwa sababu bei ilikuwa kwa muuzaji, gharama ya simiti kwa mhasibu, na gharama ya gari kwenye bahasha ya petroli iliyokaa na dereva. Mtu akiniuliza faida ya kuunganisha mifumo, humtajia hiyo 400.

Kodi nayo imehama. Zamani VAT ilikuwa shughuli ya mwisho wa mwezi: mhasibu anajifungia na risiti, anajumlisha, anawasilisha kufikia tarehe 20. Leo ankara inapaswa kupita kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, wakati wa kuuza, na karatasi anayopewa mteja ina alama ya kuthibitisha kwamba KRA imeiona. Kuanzia 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya namna hiyo, ukitoa zile zilizosamehewa, haikubaliki unapokokotoa kodi ya mapato. Tazama jinsi sheria moja ilivyogusa idara tatu. Keshia amekuwa mtu wa kodi bila kuongezwa mshahara. Mtu wa manunuzi aliyezoea kurudi kutoka Kirinyaga Road na risiti ya kuandikwa kwa mkono sasa anatakiwa atangulize PIN ya kampuni, yaani nambari yake ya kodi, kabla hajatoa pesa. Na mhasibu anagundua kwamba KRA inaweza kuyajua mauzo ya duka kabla mzee hajayajua.

Pesa yenyewe sasa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Nairobi ina hadithi yake.

M-Pesa ilianza Machi 2007 kama njia ya mtu kumtumia mtu mwingine pesa, na Lipa Na M-Pesa ikaingia madukani mwaka 2013. Kwa keshia ilikuwa nafuu kubwa: hakuna kutafuta chenji, hakuna noti bandia. Kwa ofisi ya hesabu ilileta kichwa kipya cha kuuma, kwa kuwa pesa hufika bila kusema imekuja kulipa nini. Noti zinakabidhiwa pamoja na ankara, mkono kwa mkono. Malipo ya simu yanakuja na kiasi, jina na alama kumi za herufi na tarakimu, basi. Fundi wetu analipa kwa simu ya msimamizi wake, jina halifanani. Au analipa 30,000 mchana na 2,480 usiku akishapata. Au wateja wawili wanalipa 812 kila mmoja ndani ya dakika ile ile. Nimekaa hadi saa tatu usiku na rula juu ya taarifa ya M-Pesa, nikishuka mstari kwa mstari nikitafuta ankara ya kila shilingi, huku askari wa lango akinikohoa ili nijue anataka kufunga.

Dawa ya sehemu ya maumivu hayo ni kujua tofauti kati ya nambari ya tili na nambari ya Paybill. Ya tili haimuulizi mteja kitu zaidi ya kiasi. Ni ya haraka, inafaa kaunta ambapo mteja amesimama mbele yako. Paybill inamuuliza nambari ya akaunti, na hapo ndipo unapomwambia aandike nambari ya ankara yake. Pesa ikifika imebeba jina la deni inalolilipa, na programu inaweza kuifuta ankara hiyo bila mkono wa mtu. Naona maduka mengi yanayouza kwa deni yakitumia tili kwa kila kitu kwa sababu ndiyo waliyoombewa na mtu wa kwanza aliyepita na fomu. Kwa maoni yangu, kaunta iwe na tili, na wadeni wapewe Paybill.

Hatua iliyofuata ilikuja 2017, Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, ilipofungua mlango iliouita Daraja, unaoruhusu programu ya duka izungumze moja kwa moja na M-Pesa. Mambo mawili yakawezekana. Programu inaarifiwa papo hapo malipo yanapoingia. Na programu inaweza kutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, kiasi kikiwa kimeshaandikwa na ankara ikiwa imeshajulikana, yeye akaweka PIN yake ya siri tu. Hapo ile kazi ya rula inakufa kwa kukosa cha kulinganisha. Kuna faida nyingine ambayo wauzaji wa programu husahau kuitaja: keshia haangalii tena ujumbe kwenye simu ya mteja. Anaangalia skrini yake mwenyewe. Ujumbe wa kughushi, uliowalia watu mali kwenye kaunta nyingi za mjini, hauna pa kuonyeshwa.

Upande wa manunuzi nitaupitia kwa kanuni moja, ile ya karatasi tatu. Agizo lililotumwa kwa msambazaji, karatasi ya kupokea mzigo, na ankara aliyoleta kudai malipo lazima zilingane: bidhaa, idadi, bei. Uliagiza mifuko 200, ukapokea 196, ankara inadai 200? Mfumo unagoma kulipa hadi mtu aeleze. Maana yake pia ni kwamba aliyeagiza, aliyepokea na anayelipa wasiwe mtu mmoja. Kompyuta haiwezi kukusaidia ikiwa watu watatu wanatumia nywila moja iliyobandikwa kwenye kioo kwa karatasi ya njano, na nimeiona karatasi hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mishahara ni idara inayodhaniwa kuwa nyepesi na watu ambao hawajawahi kuifanya. Chukua mtu wa stoo anayelipwa 40,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, yaani 2,400, na mwajiri anaongeza 2,400 yake. Bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, yaani 1,100, upande wa mfanyakazi pekee. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 600, na mwajiri anaongeza 600. Zinabaki 35,900, na PAYE, kodi ya mshahara, ndiyo inaanza kupigiwa hesabu hapo, kwa viwango vinavyopanda ngazi kwa ngazi, kisha unaondoa nafuu ya kodi, kisha unatoa mkopo wa sako na ile 3,000 aliyochukua tarehe kumi na tano. PAYE inapaswa kufika KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Zidisha kwa watu kumi na wanane.

Lakini hesabu yenyewe kalkuleta inaiweza. Kinachochosha ni kwamba kanuni hazitulii. Ushuru wa nyumba ulianza Julai 2023, ukasimamishwa mapema 2024 kwa uamuzi wa mahakama, ukarudi Machi mwaka huo huo kwa sheria mpya. Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya awali, ikaiachia nafasi SHIF, na makato yaliyokuwa kwa jedwali yakawa asilimia. Mwishoni mwa mwaka huo makato kadhaa yakahamia upande wa kutolewa kabla ya kodi. Daftari la mke wa mzee halikuwa na namna ya kujua hayo isipokuwa mtu amwambie. Unapolipia programu ya mishahara, unachonunua hasa ni mtu wa mbali anayesoma Gazeti la Serikali kwa niaba yako na kubadilisha kanuni kabla ya tarehe 25. Muulize muuzaji jambo hilo kabla hujauliza rangi za skrini.

Kuhusu masoko nina machache. Kumbukumbu nzuri ya mauzo ni nusu ya kazi ya masoko: fundi aliyenunua simiti ya msingi mwezi wa tatu atataka mabati miezi michache baadaye, na rangi baada ya hapo. Duka linaloujua mfuatano huo linampigia simu kabla hajapita kwa jirani. Ila nambari yake ya simu uliipewa ili dereva apate saiti. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kuigeuza kuwa nambari ya kumwagia matangazo kila Ijumaa ni jambo jingine linalohitaji ridhaa yake.

Biashara inayotengeneza vitu ina idara moja zaidi, na hapa kuna kisa ambacho mnywaji chai yeyote atakifurahia. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kawaida za biashara haikuwa ya benki wala ya jeshi. Ilikuwa ya Lyons, kampuni ya Uingereza yenye mikahawa ya chai, na ilianza kazi mwaka 1951 kwa jina la LEO. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupigia hesabu gharama za mikate na keki za kiwanda chao. Baadaye wakaipa kazi ngumu zaidi. Kila mkahawa ulikuwa na agizo lake la kawaida la siku, na kila alasiri msimamizi wake alipigiwa simu aseme mabadiliko tu: keki kumi zaidi, mikate mitano pungufu. Mabadiliko hayo yaliingizwa mara moja kwenye mashine, ikatoa cha kuoka, cha kupakia kwenye kila gari, na cha kudai kila mkahawa. Simu moja iliwahudumia mwokaji, dereva na mhasibu. Kampuni yoyote ya mikate hapa Nairobi inayotaka magari yatoke alfajiri yakiwa na mikate inayotakiwa, si pungufu wala ya kurudishwa, inafanya yale yale kwa vyombo vidogo zaidi.

Sasa ngazi za wanaoutumia mfumo, maana hapa ndipo vitabu vya shule huwachanganya watu kwa majina mengi. Data ni ile ile; kinachobadilika ni ngazi aliyosimama anayeitazama. Keshia anauliza, bei ya hiki ni ngapi, na anataka jibu kabla mteja hajahema. Meneja anauliza, wiki hii tumeuza nini kuliko wiki iliyopita, na nani amechelewa kulipa zaidi ya siku 60. Mzee anauliza, nifungue tawi Kitengela? Swali la keshia lina jibu moja. Swali la meneja ni jumla ya majibu elfu ya keshia. Swali la mzee halina jibu kwenye mfumo, lina vidokezo tu: wateja wangapi tunawapelekea mzigo upande huo, gari linatumia kiasi gani, faida inabaki kiasi gani baada ya hilo gari. Ukumbuke ile 400. Kama mafundi wengi wa huko wanaacha 400, pengine tawi linafaa, au pengine bei ya kupelekewa ndiyo inayofaa kupanda. Lakini kama keshia anarekodi kila kitu chini ya "bidhaa mbalimbali" ili foleni isogee, mzee hana kidokezo chochote, hata akinunua ripoti zenye picha za kupendeza namna gani.

Je, idara zote zikae kwenye programu moja kubwa? Ndilo wazo la mifumo inayoitwa ERP, na kampuni kama SAP, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972, zimejengwa juu yake. Chini ya wazo hilo kuna jingine la mtafiti wa IBM, Edgar Codd, aliyeeleza mwaka 1970 jinsi data inavyoweza kupangwa kwenye majedwali yanayounganishwa kwa funguo, yaani nambari za utambulisho. Matunda yake kwa duka ni kwamba jina na nambari ya fundi vikae mahali pamoja, na ankara, karatasi za mzigo na malipo vielekeze huko. Akibadilisha simu, unabadilisha mara moja.

Kwa duka la watu kumi na wanane singeshauri programu kubwa hivyo. Ningeunganisha kwanza pale madaftari yanapogongana kila siku, yaani mauzo, stoo na hesabu. Mishahara inaweza kukaa peke yake ikatuma jumla tu mwisho wa mwezi. Tena ni vizuri isionwe na kila mtu. Eksel iwe ya kuchezea maswali, isiwe ya kutunza kumbukumbu, kwa sababu haimuulizi mtu anayefuta mstari kwa nini anaufuta. Na kabla ya yote hayo, wiki nzima itumike kusafisha majina. Duka moja nililolihudumia lilikuwa na "simiti 50", "simiti kg 50" na "saruji mfuko" kama bidhaa tatu, kila moja na hesabu yake, moja ikiwa chini ya sifuri. Hakuna muunganiko utakaoponya hilo. Hata mistari myeusi ya msimbopau haisaidii mpaka uamue nambari moja ya kila kitu. Kwa njia, nambari zinazoanza na 616 zinaonyesha kwamba zilisajiliwa kupitia GS1 Kenya, shirika linalotoa nambari hizo. Hazithibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa hapa, ingawa nimesikia watu wakibishania hilo mbele ya rafu.

Lile duka la Industrial Area lilikuja kuniita miaka baadaye, nikiwa upande wa pili wa meza. Kijana wa mauzo alikuwa ameshakuwa meneja. Tuliweka mfumo mmoja wa mauzo, stoo na hesabu, tukawafundisha watu Jumamosi mbili, na Jumamosi ya tatu mzee akasema, kama zamani, twendeni tukahesabu. Skrini ilisema 341. Sakafuni zilikuwa 338.

Mtu wa stoo, yule yule, mvi zikiwa zimemwingia, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya mlundiko. Palikuwa na mifuko mitatu iliyofungwa kwa mkanda wa gundi, ikisubiri mtu wa lipu aichukue kwa nusu bei.

"Zamani niliambiwa kosa langu ni kutoandika," akasema. "Sasa nionyeshe, hii naandika wapi?"

Nikafungua skrini yake. Palikuwa na mahali pa kuuza, pa kupokea, pa kurudisha na pa kuhamisha. Pa kilichoraruka hapakuwepo. Nilirudi Jumatatu asubuhi nikapaweka.